Madarasa ya paneli yanataka kuletwa kijijini kwetu mwambao wa Uvinza, tuyapokee au tuyakatae? Wenye uzoefu karibuni

Mwambao_Kusini

Wakuu habari za asubuhi, mwakeye wana Kigoma wote na mwangaluka ndugu zetu wa Tabora. Naenda moja kwa moja maana mtandao huku ni wa kubahatisha.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule ya msingi wilaya ya Uvinza, upande wa ziwani kule kusini ambako kwenda Kigoma mjini unasubiri boti, barabara ipo ila masika inabaki jina tu. Watoto wamezidi vyumba mbali mno. Tangu elimu bila ada ianze 2016 la kwanza linafurika kila Januari, mwongozo unasema watoto 45 darasa moja lakini huku mwalimu akimaliza kuita majina na kipindi kimeisha. Wananchi tulijitolea tukainua boma la vyumba viwili, msaragambo wa mawe na mchanga, tofali tumechoma wenyewe, likafika kwenye lenta, lile zege la juu ya madirisha na milango, likagoma hapo. Mbuzi ndo wanasoma mle ndani sasaivi.

Sasa kuna shirika moja, jina naomba niliache, wana hela ya vyumba vinne ila ni vya paneli, yale madarasa yanayotengenezwa kiwandani yanakuja vipande vipande mnakuja kuyafunga kwa bolti na skrubu kwenye jamvi la zege, wenyewe wanasema ni ya muda tu, miaka mitano. Hela mkononi hawatoi, kumalizia boma letu wanasema haiko kwenye utaratibu wao. Kikao cha kijiji kimegawanyika vibaya, wazee wanasema tunaletewa vibanda vya mabati kama wakimbizi, vijana wanasema cha bure hakichaguliwi, mwalimu mkuu kanyamaza tu na mi namuelewa, yeye chumba chochote chenye mlango anapokea.

Nina upande ninaoegemea lakini nitausema baadae, kwanza nataka waliowahi kuyajenga au kufundisha mle ndani waniambie ukweli. Siasa tuweke pembeni tafadhali.

Migebuka_Tupu

Chukueni haraka kabla Kasulu hawajasikia, hahaha. We mkuu unaletewa vyumba vinne unaanza kuuliza rangi ya mlango.

Fundi_Kona

Mkuu hii ndo kazi yangu, nimefunga sana paneli kwenye kambi za wakandarasi, zile nyumba nyeupe zenye mapaa ya bluu. Kwa spidi hakuna kinachozipita hilo lisibishiwe, jamvi likiwa limekaa levo vijana sita wanasimamisha chumba ukuta na paa kabla wiki haijaisha, wiki hiyo hiyo mwenye tofali ndo kwanza anatafuta mbao za jukwaa.

Ila usikubali paneli bila kuuliza katikati kuna nini. Ile kitu ni bati mbili nyembamba, nusu milimita au pungufu, katikati pamejazwa. Kuna za povu jeupe, lile lile linalokuja kwenye boksi la TV, hizo ndo rahisi na ndo nyingi, shida yake moto, likifika nyuzi 80 kwenda 100 linaanza kulainika alafu likishika linawaka kwa moshi mweusi mbaya sana, chumba chenye watoto wadogo na mlango mmoja hapo sitaki hata kufikiria. Kuna za povu la njano gumu, zinazuia joto vizuri zaidi, na zenyewe moto si rafiki yake. Alafu kuna za pamba ya mawe, hizo haziungui, ni nzito na bei yake imechangamka. Mwambie shirika akuandikie kwenye karatasi ni ipi, na milimita ngapi, maana 50 na 100 mchana wa mwezi wa tisa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na wakianza kubadilisha maneno wakakwambia kontena, kataa. Kontena la futi 40 ndani lina upana mita 2.35 na urefu mita 12, hiyo ni mita za mraba 28 tu, watoto 45 mle ni basi la Dar kipindi cha Krismasi. Ukitaka upana inabidi uunganishe mawili ukate kuta za katikati, na ukishakata hizo kuta umelipunguza nguvu, lazima chuma kirudishwe juu. Tupu tu lina karibu tani nne, utalishusha na nini huko kwenu, hamna gati hamna kreni.

Ticha_Zamu

Nimefundisha kwenye vyumba vya aina hiyo mahali fulani mkoa huu huu, nisipataje, niwape ya ndani.

Siku za mwanzo raha tupu. Safi, nyeupe, madirisha yanafunga, waalimu tunagombania kupangiwa upande ule. Baada ya muda nikiandika ubaoni nasikia kitu kama panya anatafuna, nikigeuka kimya. Nikaja kugundua dogo mmoja wa nyuma ana bikari, anatoboa ukuta taratibu, lile bati linapitika bikari jamani, akishatoboa anachokonoa vile vipunje vyeupe vinatoka vinamdondokea mapajani, mwenzie wa pembeni anavikusanya kwenye kifuniko cha peni. Ukipuliza feni au upepo ukiingia vinaruka darasa zima, vinakaa kwenye nywele za watoto kama wametoka harusini. Ndani ya muhula ukuta wa nyuma kuanzia chini mpaka usawa wa mtoto aliyekaa ulikuwa na matundu matundu, panya wa kweli nao wakaingia wakajenga humo humo, unasikia wanakimbia ukutani unafundisha hesabu za sehemu.

Kuripea sasa. Fundi wa pale kijijini akaja na simenti. Simenti na bati wapi na wapi, ikakaa ikadondoka. Mwisho tukapigilia mbao bodi juu yake, mchwa wakala mbao bodi, paneli ikabaki na misumari.

Ila niseme na uzuri wake, mvua. Nyie mliosoma chini ya bati tupu mnajua masika ikianza kushuka mwalimu anaweka chaki chini mnatazamana mpaka ipite, hakuna anayesikia kitu, Kigoma mvua inanyesha Oktoba mpaka Mei piga hesabu vipindi vinavyopotea. Kwenye vile vyumba vya paneli mvua inapiga na mimi naendelea na somo. Joto la paa pia lilikuwa nafuu. Kilichotusumbua ni kuta.

Mwambao_Kusini

Ticha asante sana, hiyo ya bikari sikuwa nimeiwaza kabisa. Fundi, wamesema milimita 50 na nadhani ni povu jeupe, kwenye brosha yao imeandikwa herufi tatu, EPS.

Fundi_Kona

Ndo lenyewe boksi la TV.

Mzee_wa_Relini

Vijana shikamooni kwa wanaonizidi, wengine marahaba.

Nashangaa mtu wa Kigoma anaogopa kitu kilicholetwa vipande vipande. Meli ya Liemba ile mnayoiona ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, wakaifungua yote wakaipakia kwenye maboksi kama elfu tano, meli mpaka Dar, reli mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa hapa hapa ikashushwa majini Februari 1915. Ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa 1924, 1927 ikapewa jina la Liemba, na 2015 ndo iliyokuwa inawabeba wakimbizi wa Burundi kuwatoa Kagunga kuwaleta mjini. Umri wake mnaujua. Kwahiyo kusema cha kuunga hakidumu ni maneno ya mtu asiyejua mji wake.

Nondo_na_Kokoto

Mzee wangu heshima yako, ila Liemba ilikuja na mafundi wake kutoka kiwandani, na baada ya hapo siku zote kukawa na karakana na watu wanaojua riveti, ile misumari ya kuungia mabati ya meli, pale bandarini. Chuma chake pia siyo cha nusu milimita. Hoja yako mi naipokea kwa upande mwingine, kitu cha kuunga kinadumu pale ambapo mtu wa kukiunga upya yupo karibu. Hapo ndo namuuliza mleta uzi, huyo mtu yupo kijijini kwenu? Bolti ikikatika ataipata duka gani?

Nikiwa hapo hapo, mimi ni mhandisi wa majengo, niseme machache maana watu wanalinganisha vitu visivyolingana.

Kwanza hii dhana kwamba tofali lazima lichelewe. Madarasa 15,000 ya UVIKO mnayakumbuka, mwishoni mwa 2021, fedha zikitoka kwenye ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za kusogeza masomo karibu na watoto, chumba milioni 20, kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, mafundi wa mtaani hao hao. Yalisimama ndani ya miezi michache watoto wakaingia Januari 2022. Hayakuwa na paneli hata moja. Tofali linachelewa kwa sababu hela inakuja kwa matone, simenti mifuko kumi leo na mingine baada ya mavuno, siyo kwa sababu ni tofali. Boma lenu mngekuwa na hela yote siku moja lingekuwa na wanafunzi zamani.

Pili uzito. Hapa paneli inashinda kwa mbali, mita moja ya mraba ya milimita 50 haizidi kilo kumi hivi, vijana wawili wanabeba kipande cha mita tatu wanaimba. Kwa vijiji vya boti hiyo siyo hoja ndogo, mfuko wa simenti una kilo 50 na ukilowana ziwani umeisha, paneli ikilowana unaifuta. Uagize vipande visivyozidi mita sita tu, vya mita kumi na moja vinatengenezwa ila mtumbwi wa kuvibeba sijui.

Tatu tetemeko, watu huwa wanalisahau hili wakati sisi tumekaa juu ya bonde la ufa lenyewe. Desemba 5, 2005 chini ya ziwa hili hili lilipita la ukubwa wa 6.8. Bukoba Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu na Ihungo na Nyakato sekondari zikawa vifusi, kuta za matofali zisizofungwa na mkanda wa nondo zinafunguka kama vitabu. Jengo jepesi linayumba linabaki. Upepo sasa ni kinyume chake, jengo jepesi lisiposhikwa chini vizuri siku ya kwanza ya vuli mnalikuta kwa jirani.

Na radi. Ng'ambo ya ziwa huko Kongo mashariki ndo kati ya sehemu zinazoongoza duniani kwa radi na mawingu hayaulizi pasipoti. Bukombe Januari 2025 wanafunzi saba walikufa kwa radi wakiwa shuleni. Watu watakwambia jengo la bati linavuta radi, siyo hivyo, jengo la chuma pande zote lililounganishwa vizuri na kushushwa waya ardhini ni salama kuliko la tofali lenye bati juu lisilo na waya wowote. Lakini huo waya uwepo kweli. Hiyo fanyeni kwenye jengo lolote mtakalopata.

Bendera_Mlingoti

Hapo tatizo ni hela zetu zinaliwa ndo maana tunaletewa makopo. Nchi hii

Mwambao_Kusini

Mkuu nimeomba siasa tuweke pembeni, uzi wa hayo upo mwingine huko nyuma una kurasa na kurasa.

Mama_Ulyankulu

Habari zenu kaka zangu. Mimi nipo Ulyankulu, Kaliua. Nimesoma yote ila naona mnaongea kama tofali ni bure.

Huku kwetu tofali linachomwa, na tanuru moja linakula magogo mimi nikiangalia roho inaniuma, miti ya miombo inaisha, tumbaku inakula upande wake kwenye mabani ya kuikaushia, tofali upande wake, sisi tunaenda kuni mbali kila mwaka zaidi ya mwaka jana. Mtu akiniambia kuna ukuta haujachomwa na gogo nasikiliza kwanza.

Kitu kingine, shule shikizi. Watoto wa la kwanza wanatembea mbali, kuna pori katikati, sasa mkijenga vyumba viwili vya kuunga karibu na wao baada ya miaka shule mama ikisogezwa si mnafungua mnahamisha? Au hiyo ni ya kwenye brosha tu? Naulizia kweli sina ubishi.

Wa mwisho, tofali za kufungamana zile za udongo na simenti kidogo zinazoshindiliwa kwa mashine, NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, wanazifundisha, hazichomwi. Mbona hakuna aliyezitaja.

Fundi_Kona

Dada yangu kuhamisha inawezekana, mi nimehamisha. Ila usitegemee kila kitu kinatoka kizima, skrubu ukizitoa mashimo yanabaki, silikoni imeshika, kona zinapinda, ukifungua chumba kimoja andaa robo ya vifaa vipya. Na jamvi halihami, unaliacha. Kuhamisha mara moja sawa. Mara mbili unahamisha vyuma chakavu.

Tofali za kufungamana ni nzuri mno, mashine ya mkono ipo, ila udongo upimwe, siyo kila udongo. Wa mfinyanzi sana zinapasuka.

Bongo_Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Uingereza, mzaliwa wa Ujiji hapa. Niongeze kitu kuhusu hii "ya muda". Huku baada ya vita kuu walipandisha umri wa kumaliza shule ukawa miaka 15 mwaka 1947, madarasa hayatoshi, sawa tu na sisi 2016, serikali ikasambaza mabanda ya zege ya kuunga nchi nzima wakayaita HORSA. Yalikuwa ya kuvusha tu hali ya wakati ule. Yapo yaliyoendelea kutumika mpaka wajukuu wa wale watoto wakasomea humo. Alafu miaka ya hamsini kuendelea wakaanza kutumia zege jepesi la kiwandani lenye mapovu ndani kwenye mapaa, RAAC, rahisi na la haraka, Agosti 2023 siku chache kabla ya shule kufunguliwa serikali ikatangaza shule zaidi ya mia zifunge vyumba vyenye hilo zege maana linaweza kushuka bila taarifa. Na unajua watoto waliwekwa wapi wakati wanasubiri? Kwenye mabanda ya kuunga hahaha.

Kwahiyo mleta uzi usiwaze miaka mitano waliyokwambia. Wewe hesabu kwamba hilo jengo utakaa nalo mpaka ustaafu ujumbe, alafu uliza swali la Nondo, nani analiripea.

Migebuka_Tupu

Mi nimeshaanza kubadilisha mawazo. Ila watoto wapo nje sasaivi ndugu zangu, wapo chini ya mwembe leo. Mnaongea kama wana muda wa kusubiri mpaka mhandisi aridhike.

Ticha_Zamu

Migebuka leo umeongea. Mtoto wa la kwanza akisomea nje mwaka mzima kusoma na kuandika kumempita, hiyo gharama haipo kwenye hesabu ya mkadiriaji yeyote.

Mwambao_Kusini

Wakuu nimewasoma wote, sasa niseme ninapoegemea maana mmenisaidia kukipanga kichwa.

Ukimsoma Ticha vizuri, shida zake zote zilikuwa ukutani na raha zake zote zilitoka juu. Bikari ukutani, panya ukutani, fundi na simenti yake ukutani. Mvua kutosikika ni paa, joto kupungua ni paa. Alafu angalia sisi wananchi tunaweza nini. Ukuta tunaweza, hakuna kijiji mkoa huu kinachoshindwa kuinua ukuta, maboma yamejaa toka Kibondo mpaka Kalya. Tunapokwamia wote ni pale pale, juu ya lenta. Kenchi za kubebea paa, mbao zimepanda na za kueleweka hazipatikani, mabati ni hela taslimu, siyo kitu unachoweza kukifanyia msaragambo, huwezi kwenda mtoni ukachota bati. Ndo maana mbuzi wanasoma.

Sasa kwanini kiwanda kituletee kitu tunachokiweza, alafu kile tunachoshindwa tuachiwe? Mi nataka nililie shirika hivi: paneli zenu leteni, ila ziwe za paa, na vyuma vyake vya kubebea. Kuta tutajenga sisi, boma la vyumba viwili lipo tayari, mengine mawili mtupe miezi tutayainua, tena kwa tofali za kufungamana za Mama Ulyankulu kama udongo utakubali, tusikate miti. Kwa hela ile ile ya vyumba vinne kamili nahisi tunaweza kupata mapaa ya vyumba vingi zaidi ya vinne. Na boti itabeba mzigo mdogo.

Fundi na Nondo niambieni kama naota.

Fundi_Kona

Hauoti. Paneli za paa zinafungwa juu ya vyuma vinavyopita ukuta mpaka ukuta, kenchi za mbao huzihitaji kabisa na dari pia huhitaji kwasababu upande wa chini wa paneli ni safi tayari. Hiyo siling bodi inayovujiwa na kuning'inia kama nguo, kwisha habari yake. Kasoro moja, ile povu jeupe juu ya vichwa vya watoto mi siikubali, hapo ulilie pamba ya mawe hata kama vyumba vitapungua kimoja. Na waache mlango wa pili.

Ila boma lenu lina mkanda? Maana umesema limeishia lenta. Paa jepesi halikai lenyewe, upepo unalinyanyua, lazima pawe na mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka ukuta wote na bolti zimezamishwa humo zege likiwa bichi. Bila hivo mtakuwa mmeshona kofia bila kichwa.

Nondo_na_Kokoto

Wazo ni zuri na kihandisi limekaa, na mkanda huo ndo utakaowasaidia siku ya tetemeko pia. Nikupe upande mchungu. Shirika halitapenda, wao wanataka jengo lao lenye picha moja tangu mwanzo mpaka mwisho, likianguka wanajua ni la nani. Paa lao juu ya ukuta wenu likileta shida kila mtu atamnyooshea mwenzie kidole. Kwahiyo barua yenu iende na mhandisi wa halmashauri, aje akague boma, aandike kwamba ukuta unabeba, asaini. Bila saini yake hiyo barua ni maombi tu. Na mumwambie mapema, mhandisi mmoja wilaya nzima, Uvinza ilivyo kubwa.

Lingine, wakikataa kabisa msiachane nao. Hapo mnarudi kwenye vyumba vyao vyote vinne vya paneli lakini mnaomba vitu ambavyo haviwaongezei gharama kubwa: ukuta wa tofali mpaka usawa wa dirisha ili bikari zikutane na tofali, paneli zianzie juu ya hapo. Paa lijitokeze nje ya kutosha kuta zisipigwe na mvua. Paneli kadhaa za akiba na boksi la skrubu vibaki stoo ya shule. Na vijana wawili wa kijiji wafunge pamoja na mafundi wao tangu bolti ya kwanza, siyo kubeba maji.

Mama_Ulyankulu

Mabinti wawaweke pia kwenye hao vijana wawili. Drili haichagui.

Mzee_wa_Relini

Msisahau kupandisha jengo juu kidogo na ziwa. Maji ya Tanganyika miaka hii yalivyopanda tumeona Kibirizi na Katonga nyumba zilivyoondoka. Shule nyingi za mwambao zilijengwa karibu na mchanga kwa sababu ndo penye tambarare. Ila uzuri maji yetu hayana chumvi, bati halili kama la Tanga au Dar.

Mwambao_Kusini

Mzee shule yetu ipo mlimani kidogo maji hayajafika, tunashukuru. Mama nimekuelewa, na wapo wawili tena wanafundishwa umeme wa sola na fundi wa pale senta.

Jana jioni tumekaa kamati. Wazee wameelewa haraka kuliko nilivyotegemea, wanasema ukuta ukiwa wa tofali hiyo ni shule, juu wekeni mnachotaka. Waliokataa safari hii ni vijana, wanaogopa shirika litakasirika lihamie kijiji cha jirani, na kusema kweli hofu hiyo hata mimi ninayo. Tumekubaliana barua iwe na maombi mawili, la kwanza paa juu ya boma, la pili kama Nondo alivyosema, ili wasipate sababu ya kuondoka. Mtendaji anaipeleka Jumatatu na boti, mhandisi tumeshampigia kasema atakuja ila hajasema lini.

Fundi, boma mkanda halina, ni lenta tu juu ya madirisha na milango.

Fundi_Kona

Basi kabla mhandisi hajafika pimeni kona kwa kona, kamba ndefu moja, kona ya huku mpaka ya kule alafu mgeuze. Zikilingana boma liko mraba, paneli za kiwandani hazijui kubembeleza ukuta uliopinda.

Mwambao_Kusini

Tumepima leo asubuhi. Chumba cha kwanza zimelingana, cha pili zimepishana sentimita nne.

Fundi_Kona

Nne ni ndogo, mnairekebisha kwenye fomu ya mkanda, upande mmoja uutoe nje kidogo upande mwingine uurudishe ndani, zege likikaa juu liwe mraba hata kama chini limepinda. Ingekuwa kumi ningekwambia bomoa kona. Nondo milimita 12, nne kuzunguka, na ringi za kuzifunga pamoja.

Ticha_Zamu

Na vyoo je? Vyumba vinne vipya bila matundu ya vyoo mnaniongezea foleni tu mimi mwalimu wa zamu.

Mwambao_Kusini

Ticha vyoo vipo kwenye barua ukurasa wa pili, mashimo tunachimba sisi, wao tumewaomba mabati na masinki. Mwenye kujua bei ya nondo za 12 Kigoma mjini wiki hii aniwekee hapa, mtendaji akirudi na boti arudi nazo.